Mtakatifu Pakomi: Baba Aliyejifunza Kuongoza kwa Kushindwa



Kila tarehe 9 Mei Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Pakomi, Abati. Siku hiyo hupita kimya. Huangukia katika mwezi wa Mama Maria, daima ndani ya kipindi cha Pasaka, na wengi wetu hatumjui zaidi ya jina. Antoni wa Misri tunamjua, Benedikto tunamjua, na wabatizwa wenye majina hayo wapo kila parokia. Lakini yeyote aliyewahi kuamshwa na kengele ya seminari, akapanga foleni ya uji na wenzake, kisha akaenda bustanini na jembe ambalo ni mali ya nyumba nzima, anaishi ndani ya mpango ambao kwa sehemu kubwa ulianzia kwa mtu huyu.

Mimi ni mtoto wa Nkome, kando ya Ziwa Viktoria. Tangu shule ya msingi tulifundishwa kwamba maji ya ziwa letu hutoka kule Jinja, Uganda, yakawa mto Nile, yakaenda hadi Misri. Niliposoma kwamba Pakomi alizaliwa, akabatizwa, akajenga na kufa kando ya mto huo huo, nilimwona kama jirani anayekaa upande yanakotelemkia maji. Basi karibu tumfahamu jirani yetu huyu, maana ana jambo la kutufundisha sisi tunaoishi pamoja.

Chakula cha watu asiowajua

Pakomi alizaliwa karibu mwaka 292 katika Misri ya Juu, upande wa mji ambao leo unaitwa Esna. Wazazi wake hawakuwa Wakristo. Waliabudu miungu ya Wamisri, na masimulizi yanasema kwamba siku moja walimchukua mtoto wao hadi mtoni kutoa sadaka kwa viumbe wa majini. Viumbe wale walipomwona walikimbia, na mtoto akafukuzwa mahali pale kama adui wa miungu. Wanafunzi wake walipenda kuisimulia habari hii baadaye, wakiona ndani yake kwamba Mungu alikuwa amemwekea alama mapema.

Alipofika umri wa miaka ishirini hivi, karibu mwaka 312, watawala wa Dola la Roma walikuwa wakipigania madaraka. Vijana walikamatwa vijijini na kulazimishwa kuwa askari. Pakomi alikuwa mmoja wao. Walipakiwa kwenye merikebu na kuteremshwa mtoni hadi Thebe, mji ambao leo ni Luxor, wakafungiwa gerezani ili wasitoroke. Walikuwa na njaa na huzuni, wala hakuna aliyewajua.

Jioni hiyo walikuja watu wa mjini wakiwa wamebeba mikate na vinywaji, wakawalisha. Hawakuwa ndugu zao wala watu wa kabila lao, na hawakudai malipo. Pakomi akauliza ni watu gani hawa, akaambiwa ni Wakristo, na kwamba huwatendea watu wote hivyo kwa ajili ya Mungu wa mbinguni. Usiku huo, kabla hajasoma hata mstari mmoja wa Injili, alijitenga pembeni akamwomba Mungu huyo kwamba akimtoa katika kifungo kile, atawatumikia wanadamu siku zote za maisha yake.

Tulikumbuke ombi hilo. Wengi walioingia jangwani wakati ule walianza kwa kutafuta upweke. Wito wa Pakomi ulianzia kwenye kipande cha mkate alichopewa na mtu asiyemjua, na ahadi yake ya kwanza ilikuwa ya kuwatumikia watu.

Miaka ya Palamoni

Vita viliisha upesi, askari wakaachiwa. Pakomi hakurudi kwao. Alikwenda kijiji cha Sheneseti, akafundishwa dini na kubatizwa karibu mwaka 313. Alikaa hapo akilima mboga, akiwagawia maskini na wasafiri. Kijiji kilipopatwa na maradhi ya kuambukiza, yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiwahudumia wagonjwa na kuwaletea kuni.

Baada ya miaka kama mitatu aliona anahitaji mwalimu. Jirani na kijiji aliishi mzee mmoja mkaapweke aliyeitwa Palamoni. Pakomi alipobisha mlango, mzee alimkatisha tamaa kwanza. Alimweleza kwamba wengi wamekuja wakashindwa, kwamba yeye hula mkate na chumvi tu, hatumii mafuta wala divai, na hukesha nusu ya usiku au usiku mzima katika sala. Pakomi alisisitiza, akapokelewa.

Walikaa pamoja wakisokota nyuzi na kufuma, wakiuza kazi zao na kuwapa maskini kilichobaki. Usingizi ulipowazidi usiku, walitoka nje kubeba mchanga kutoka sehemu moja hadi nyingine ili wakeshe. Siku moja ya Pasaka, Pakomi alitia mafuta kidogo kwenye chumvi ya mzee wake kwa kuiheshimu sikukuu. Palamoni alilia. Aliona haya kula mafuta ilhali Bwana wake alisulubiwa. Pakomi ilimbidi aiondoe chumvi ile ndipo mzee akakubali kula.

Mwalimu alikuwa mkali, na Pakomi alimpenda hadi mwisho. Lakini ahadi ya gerezani ilikuwa bado moyoni.

Ukuta na machozi

Karibu mwaka 323 Pakomi alikuwa akitafuta kuni mahali paitwapo Tabenisi, kijiji kilichoachwa na wenyewe kando ya mto. Alipokuwa akisali alisikia sauti ikimwagiza akae pale na kujenga, kwa kuwa wengi wangekuja kwake. Alimweleza Palamoni. Mzee, ingawa aliumia kutengana naye, alikwenda kumsaidia kujenga chumba cha kwanza.

Kisha akaja kaka yake mkubwa, Yohane, ambaye hawakuwa wameonana tangu Pakomi alipochukuliwa jeshini. Wakaishi pamoja kwa amani hadi siku walipojenga ukuta. Pakomi alikuwa akiupanua, kwa sababu aliamini watu wengi watakuja. Yohane alitaka wabaki wachache na maisha ya kimya, akaanza kuubomoa. Pakomi alikasirika na kumjibu kaka yake kwa ukali.

Usiku ulipoingia alijificha, akalia mbele ya Mungu hadi asubuhi. Masimulizi yanasema udongo chini ya miguu yake uligeuka tope. Hakulilia ukuta. Alilia kwa sababu aliona kwamba baada ya miaka yote ya kufunga na kukesha, hasira ilikuwa bado inakaa ndani yake, na mtu wa namna hiyo atawezaje kuwalea wengine?

Kundi la kwanza lavunjika

Hapa tunafika kwenye sehemu ya maisha yake ambayo masimulizi ya watakatifu yangeweza kuificha. Wanafunzi wake hawakuificha, na ninawashukuru.

Watu walianza kuja kutoka vijiji vya jirani, na Pakomi akawapokea kwa moyo wote. Kwa kuwa aliahidi kuwatumikia wanadamu, alifanya hivyo hasa. Hakuwawekea kanuni yoyote. Kila mmoja alifanya kazi yake na kumpa Pakomi sehemu ya alichopata kwa ajili ya chakula, kadiri alivyoona mwenyewe. Pakomi ndiye aliyenunua, aliyepika, aliyewaandalia meza na kuwahudumia wagonjwa. Alitumaini kwamba wakiona mfano wake, nao watajifunza kutumikiana.

Hawakujifunza. Kadiri alivyojishusha ndivyo walivyomdharau. Waliyavumilia mema yake kama haki yao, wakamcheka mbele ya macho yake, na wakati wa mavuno walimtwisha mizigo yao kama mtumishi wao. Alivumilia kwa miaka kama minne au mitano. Mwisho, baada ya kukesha usiku mzima katika sala, aliwatangazia taratibu: saa ya sala wote waje, saa ya kula wote wale pamoja, saa ya kazi wote wafanye kazi. Walimcheka tena. Ndipo akawafukuza wote, akabaki karibu peke yake kama alivyoanza.

Mpendwa msomaji, niruhusu nikushirikishe jambo langu. Mwaka wangu wa kwanza wa falsafa niliwekwa kuwa kiongozi wa kikundi cha kazi za mikono. Sikupenda kumsumbua mtu. Mwenzangu akichelewa, nilichukua reki yake nikafanya kazi yake. Akikosa kabisa, nilinyamaza. Nilidhani huo ndio upole wa Kikristo. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa nafanya kazi za watu wanne, na ndani yangu nilikuwa na uchungu kwa wale wale niliodhani nawapenda. Walipokuwa wakipumzika nami nikifagia, sikuwa nikiwaombea. Niliposoma habari za kundi la kwanza la Pakomi nilishtuka, kwa kuwa niliona makosa yangu. Mimi sikuwa nimewatumikia. Nilikuwa nimewaogopa, na woga wangu uliwanyima nafasi ya kukua.

Kanuni iliyotoka kwenye jeraha

Watu walikuja tena Tabenisi, na safari hii Pakomi aliwapokea kwa namna nyingine. Mgeni alikaa mlangoni siku kadhaa, akijifunza sala ya Baba Yetu na zaburi, huku akichunguzwa kama amekuja kwa hiari yake au ametoroka jambo fulani. Asiyejua kusoma alifundishwa, hata kama hakutaka, kwa kuwa kila mmoja alitakiwa kuweka Maandiko moyoni, angalau Zaburi na Agano Jipya. Katika Misri ya wakulima wa karne ya nne, hiyo ilikuwa shule kubwa.

Monasteri iligawanywa katika nyumba, na wenye ufundi mmoja walikaa pamoja: wafumaji wa nguo, wasuka mikeka, mafundi viatu, mafundi seremala. Kila nyumba ilikuwa na kiongozi na msaidizi wake, na nyumba zilipokezana huduma kwa juma. Wavuvi wa Nkome wangeuelewa mpango huo bila maelezo marefu. Usiku wa dagaa, mmoja anashughulikia taa, wengine wanavuta wavu, mwingine anachota maji yanayoingia mtumbwini. Akilala mmoja, wote wako hatarini.

Kanuni zake zilikuwa na sura mbili. Zilimbana mvivu, na vilevile zilimlinda dhaifu. Aliyetaka kufunga zaidi aliruhusiwa, aliyehitaji kula alikula bila kuonewa, na mgonjwa alipewa hata vile ambavyo wazima hawakupewa. Habari ya mpishi inaonyesha vizuri. Pakomi alipokuwa safarini, mpishi aliona kwamba ndugu wengi hujinyima mboga, akaamua kuacha kupika. Muda wake akautumia kusuka mikeka. Pakomi aliporudi, mtoto mmoja aliyelelewa pale alimlalamikia kwamba tangu alipoondoka hawajala chakula kilichopikwa. Mpishi alieleza kwa fahari kwamba amesuka mikeka 500. Pakomi aliagiza iletwe yote, akaitia moto.

Mwanzoni hasira hiyo ilinitatiza, maana mikeka ile ilikuwa jasho la mtu na ingeweza kuuzwa. Lakini tazama alichokiona Pakomi. Mboga isipokuwepo mezani, anayejinyima hajinyimi tena chochote, na mtoto na mgonjwa wanalala njaa. Mpishi alihesabu faida ya nyumba na kuwasahau watu waliomo. Kwetu ukanda wa Geita, ambako watu hushuka kwenye maduara kutafuta dhahabu na mara nyingine gramu inathaminiwa kuliko anayeichimba, moshi wa mikeka ile ungefaa kuonekana.

Hata katika biashara alikuwa hivyo. Wakati wa njaa alimtuma ndugu mmoja kununua ngano. Ndugu yule alipata kwa ofisa mmoja ngano ya serikali, nyingi kuliko fedha aliyokuwa nayo, kwa bei ya chini sana na kwa mkopo. Pakomi alikataa isishushwe hata punje. Hakutaka nyumba yake ishibe kwa ngano ya umma iliyotolewa mlango wa nyuma, wala iingie deni isiloweza kulilipa.

Aliyeukimbia upadre

Ushirika ulikua. Ilianzishwa monasteri ya pili kule Pbow, ambayo ikawa makao makuu, na nyingine zikafuata. Dada yake Maria alikuja kumtembelea. Pakomi hakutoka kumwona, ila kwa njia ya bawabu alimwalika kufuata maisha yale yale, na ndugu wakamjengea nyumba. Wanawake wakakusanyika kwake, naye akawa mama yao. Mwaka 346 kulikuwa na monasteri tisa za wanaume na mbili za wanawake, zenye maelfu ya watu, chini ya kanuni moja. Mara mbili kwa mwaka walikusanyika Pbow: Pasaka kwa ajili ya kuadhimisha pamoja, na karibu na Agosti kwa ajili ya kutoa hesabu na kusameheana.

Na baba wa maelfu hao hakuwa padre. Aliona kwamba hamu ya daraja huingiza wivu katika nyumba, kama cheche ya moto katika ghala. Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, alipopita Misri ya Juu karibu mwaka 330, askofu wa Dendera alimwomba amweke Pakomi kuwa padre. Pakomi alijificha katikati ya umati wa wamonaki wake hadi Atanasi alipopita. Hakudharau upadre. Aliwapokea mapadre kwa heshima, na alimheshimu Atanasi kama baba wa imani. Alichokikimbia ni kiti cha juu.

Sisi tunaoelekea altareni tusipite haraka hapa. Kama mtakatifu aliogopa upadre kwa ajili ya kiti kinachoweza kuuambatana, nasi tunapaswa kujiuliza tunatafuta nini: kuhudumu, au kuitwa kwa heshima na kupewa kiti cha mbele harusini?

Unyenyekevu wake haukuwa wa maneno. Siku moja alikuwa akisuka mkeka Tabenisi. Mtoto aliyekuwa kwenye zamu alimwambia kwamba anakosea, Baba Theodoro ameelekeza namna nyingine. Theodoro alikuwa mwanafunzi wake. Pakomi aliinuka, akamwomba mtoto amfundishe, kisha akaketi akasuka alivyoelekezwa.

Hakuwa bila upungufu. Theodoro huyo huyo, aliyempenda kuliko wote, alimwondoa katika uongozi na kumweka katika toba kwa muda mrefu kwa sababu moja: Pakomi alipokuwa mgonjwa sana, wazee walimsihi Theodoro awaongoze endapo baba atafariki, naye akakubali. Hata leo wasomaji wengi wanaona adhabu ile ilizidi. Theodoro aliipokea kwa machozi bila kuondoka. Mwaka 345 Pakomi mwenyewe aliitwa mbele ya sinodi ya maaskofu huko Latopoli, ndiyo Esna ya kwao, ajieleze kuhusu maono yake na kipaji chake cha kusoma mioyo. Mtu aliyewadai wengine utii alisimama akajibu kwa utii.

Blanketi la wote

Mwaka 346, wakati wa Pasaka, tauni iliingia katika monasteri. Ndugu wengi walikufa, wakiwemo viongozi wa nyumba. Pakomi naye akaugua, Theodoro akimhudumia. Mwili ulipodhoofika, blanketi lake lilimwelemea, akaomba jepesi zaidi. Theodoro alileta zuri. Pakomi alilikataa, kwa kuwa wagonjwa wengine hawakuwa na zuri kama hilo, akakubali tu kufunikwa chakavu. Alifariki tarehe 9 Mei. Kabla ya hapo alimwomba Theodoro auhamishe mwili wake baada ya maziko, ili watu wasije wakajenga juu ya kaburi lake na kumtukuza. Mahali alipolala hapajulikani hadi leo.

Kanuni yake haikuzikwa naye. Mwaka 404 Mtakatifu Yeronimo aliitafsiri kwa Kilatini. Ilipelekwa pia Ethiopia kwa lugha ya Ge'ez. Mtakatifu Benedikto alipoandika kanuni yake katika karne ya sita, alichota katika mapokeo hayo, na Wabenedikto walipofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, walileta kwetu kitu ambacho mizizi yake ilikuwa hapa hapa Afrika, kando ya mto unaoanzia kwenye ziwa letu.

Nimalizie na kikundi changu cha kazi. Muhula wa pili niliwaita wenzangu, nikawaomba msamaha kwa kunyamaza, nasi tukapanga zamu na kuiandika kwenye karatasi ubaoni. Mmoja alinuna kwa siku mbili. Baada ya wiki chache, yule aliyekuwa akikosa mara nyingi kuliko wote ndiye aliyenigongea mlango asubuhi niliyokuwa na homa, akiwa ameshika uji. Aliniambia nisiamke, zamu yangu ameifanya.

Nilikunywa uji ule nikamkumbuka kijana aliyefungwa Thebe, ambaye hakujua ni nani amemletea mkate.

Mtakatifu Pakomi, utuombee.